Kabla hujajiita mjamaa au mliberali chuoni

Wadogo zangu mnaoanza masomo kwenye chuo cha kanisa hapa Tabora, kuna swali mtaulizwa hata kabla hamjapata kitambulisho: "Wewe chama gani?" Litakuja kiutani, kwenye foleni ya usajili au kwa mama ntilie, na ukishajibu tu umewekwa kundi. Jibu ukitaka. Ila usidhani kwa kutaja chama umeshataja itikadi yako.

Katiba ya CCM mpaka leo inautaja Ujamaa na Kujitegemea. ACT-Wazalendo nao walikuja hapa hapa mwaka 2015 wakatoa Azimio la Tabora, kulihuisha lile la ujamaa la Arusha la 1967. Sasa mtu akikuonyesha kadi ya kijani au ya zambarau, umejua nini kuhusu msimamo wake juu ya ardhi, kodi, au nani alipie matibabu ya bibi yake? Hujajua kitu.

Mjadala ulionifungua macho ulikuwa kwenye kipindi cha DS, somo la maendeleo (Development Studies). Mhadhiri aliuliza nani hapa ni mjamaa. Mikono ikanyooka mingi, si unajua tena, mji wenyewe ndio huu aliosoma Mwalimu Nyerere na baadaye akafundisha St. Mary's. Kijana mmoja wa Urambo akabaki amekunja mikono. Kwao wanalima tumbaku. Pembejeo wanakopeshwa kupitia chama cha msingi cha ushirika, tena kwa kikundi, na mwenzako akishindwa kulipa, deni lake linakatwa kwenye mauzo yako. Mzee wake alikausha tumbaku ya bani zima, lile banda la moto, bila kuunguza, akachambua, akafunga marobota, akapata daraja zuri. Malipo yalipotoka yalikuwa yamemegwa kufidia jirani aliyehama kijiji na mbolea ya mkopo.

"Nyie mnausoma ujamaa," akasema, "sisi tunakatwa."

Dada wa Sikonge hakumwachia. Alimuuliza: bila chama cha msingi, mzee wako angekaa meza moja na mnunuzi akapanga naye bei? Nani angemsikiliza na marobota yake matano? Wakabishana mpaka kipindi kikaisha, na hakuna aliyemtaja Marx hata mara moja. Mimi nasema wote wawili walikuwa na itikadi kuliko sisi tuliokuwa tumenyoosha mikono.

Fanya hivyo hivyo na yako. Chukua jambo linalogusa nyumbani kwenu, uliulize maswali mpaka likukere. Wa Kigoma mnalo la ziwa: mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Mtoto wa mvuvi anayejiita mtetezi wa soko huria atueleze, dola ina haki ya kumwambia baba yake aanike nyavu? Akisema ndiyo, sawa, lakini ajue amesema nini.

Upande wa dini msiogopeshane. Wapo watakaokwambia Mkatoliki hawezi kuwa mjamaa, na watakurushia Rerum Novarum, waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891. Isome mwenyewe. Ni kweli inaupinga usoshalisti na kutetea mali binafsi, lakini humo humo inadai mfanyakazi alipwe ujira unaomtosha kuishi. Mwalimu aliyeandika Azimio la Arusha alikuwa mtu wa misa. Na wenzetu Waislamu, ambao kwenye vyuo hivi wapo, wana maswali yao juu ya riba ambayo yangemnufaisha mchumi yeyote. Kaeni nao.

Kuna siku mtaletewa dodoso la utafiti: "Uko mrengo wa kushoto, wa kati au wa kulia?" Karibu darasa zima litatia tiki katikati, kwa adabu tu. Kushoto na kulia kulitokana na viti vya wabunge wa Ufaransa mwaka 1789; si dhambi ukishindwa kujipima hapo. Kama kuna nafasi ya maoni, andika: kwenye tumbaku niko hivi, kwenye ndoa niko vile.

Na kadi ya chama? Chukua ukitaka, au usichukue. Ibara ya 20 ya Katiba ya nchi inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Ila ukiletewa wiki ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, pamoja na soda na fulana, mwambie aliyekuletea arudi baada ya matokeo. Wengi hawarudi.