Shangazi Anajibu: Pochi Yenye Ganda Gumu au Pochi Laini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitumia pochi ndefu ya ngozi, ile inayofungwa kwa zipu pande tatu, na sikuwa na malalamiko nayo mpaka kadi yangu ya benki ilipoanza kugoma. Nikiichomeka kwenye mashine inasoma, lakini nikiigusisha tu haisomi kabisa. Wifi yangu aliposikia akaniletea zawadi ya kijaluba cha alumini kinachofunguka kama kasha la miwani, akanihakikishia kwamba humo kadi haipindi, na kwamba wezi wenye vifaa vya kusomea kadi kwa mbali hawatanipata. Nimekitumia kwa wiki mbili sasa. Kadi zimetulia, lakini noti nazikunja mara mbili mbili, risiti hazina pa kukaa, na sarafu zimehamia chini ya mkoba. Nivumilie, nitazoea, au nirudi kwenye pochi yangu laini? Na hilo la wezi lina ukweli wowote?
Msomaji mwenye pochi mbili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo kadi, kwa kuwa ndiyo iliyoleta mgogoro wote, na kwa kuwa dalili ulizozieleza zinasema mengi kuliko unavyodhani. Kadi ya benki ina urefu wa milimita 85.6, upana wa milimita 53.98 na unene wa milimita 0.76, na vipimo hivyo vimekubaliwa kimataifa, ndiyo maana kadi yoyote huingia katika mashine yoyote. Ndani ya plastiki hiyo nyembamba mna chipu iliyogandishwa nyuma ya kile kibamba cha rangi ya dhahabu, na mna waya mwembamba uliozungushwa ndani ya kadi, ambao ni antena. Plastiki hupinda ikarudi, lakini chipu haipindi, na mahali antena inapoungana na chipu ni dhaifu. Pakiachana hapo, kibamba kitaendelea kusomwa ukichomeka, ilhali kugusisha kumekwisha. Kwa maelezo yako, nadhani hicho ndicho kilichoipata kadi yako, na hakuna pochi itakayoiponya. Omba benki wakupe nyingine.

Sasa tuulize ni nini kilichoipinda. Wengi hulaumu ngozi kwa ulaini wake, na mimi naona wanaionea. Ishike pochi yako ya zamani ikiwa imejaa, uiinue hadi usawa wa macho na uitazame ubavuni. Ukiona tumbo limetuna katikati huku zipu imebana kingo, basi jua kwamba kadi zimelazwa juu ya kilima cha sarafu na kuvutwa chini pande zote mbili, mchana na usiku, hata pochi ikiwa imetulia ndani ya kabati. Kadi iliyokaa hivyo kwa miezi hutoka na mgongo kama kipande cha ganda la nazi. Kwa hiyo pochi laini haipindi kadi kwa kuwa ni laini, bali kwa kuwa imeshindiliwa, au kwa kuwa mwenyewe huitia mfuko wa nyuma wa suruali akaikalia. Zihamishie sarafu kwenye kifuko chake kidogo, uzitoe risiti kila mwisho wa wiki, na utashangaa pochi ileile ilivyolala bapa.

Kijaluba cha wifi yako kina sifa zake, na si haki kukibeza. Kadi hukaa humo zimenyooka hata mkoba ukilaliwa na mzigo mzito. Kikimwagikiwa mafuta ya kupaka au wanja, unakipangusa kwa kitambaa na mambo yameisha, wakati ngozi ingebaki na doa la maisha. Tena ukiwa na mtoto mkono mmoja, unabonyeza kifungo kwa kidole gumba na kadi zote zinasimama mbele yako, kila moja katika kifuko chake, zimetanuka kama mvukuto wa kinanda. Kwa mwanamke ambaye hulipa kwa kadi au simu karibu kila mahali, na ambaye noti huzigusa kwa nadra, kifaa hicho kinatosha na kinabaki.

Tabu inaanza kwenye noti, na hapa ndipo ninaposimama kinyume na ushauri wa wifi yako. Vijaluba vingi vya aina hiyo vina urefu wa takriban sentimita 11, kwa sababu vimejengwa kuizunguka kadi. Noti ya dola ya Marekani ina urefu wa milimita 156. Noti ya euro 5, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote za euro, ina milimita 120, na ile ya euro 200 ina milimita 153. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoingia humo bila kukunjwa. Noti iliyokunjwa mara mbili inakuwa na tabaka nne, noti tano zinakuwa na tabaka ishirini, na kifuniko kinaanza kusukumwa juu. Mwenye kijaluba hulazimika kukibana kwa nguvu ili kifunge, na kila anapokibana hivyo anaulemea ulimi mdogo wa kufungia, ambao mara nyingi ni wa plastiki hata kama ganda lote ni la chuma. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya kadi kinafanywa kibebe fedha taslimu, kisha kinalaumiwa kwa kuvunjika.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si gumu au laini, bali ni kitu gani unakibeba kila siku. Mimina kila kilichomo katika pochi zote mbili juu ya meza, utenge kadi upande mmoja na karatasi na fedha upande wa pili. Kadi ambazo hukuzitumia kwa mwezi mzima, yaani zile za maduka na za vilabu ulivyoacha kwenda, zibaki nyumbani. Kama rundo la karatasi na fedha ndilo kubwa, pochi laini ndiyo yako, wala usijilazimishe kuzoea kingine. Wiki mbili zinatosha kumwonyesha mtu kama kifaa kinamfaa. Anayekunja noti kwa hasira leo atazikunja kwa hasira mwakani.

Kuhusu kudumu, watu huona chuma wakadhani ni cha milele. Ganda la alumini kweli halichaniki wala halivunjiki kwa urahisi, lakini likianguka kwenye sakafu ngumu hubonyea, na kona ikishabonyea kifuniko hakikai sawa tena. Sehemu za kuchunguza ni bawaba na ulimi wa kufungia. Mimi mwenyewe niliwahi kukiangusha kijaluba changu nikiwa napanda ngazi. Ulimi ukaachia, kadi zikatapakaa vidato sita, na leseni nikaja kuiokota chini kabisa, mbele ya watu walionitazama kwa huruma nyingi mno. Pochi ya zipu ingeanguka pu, ikatulia na vyote vilivyomo. Kwa upande wake, pochi laini hufa kwa zipu kukwama kwenye kona, kwa uzi wa mshono kukatika mahali inapokunjwa, na kwa bitana kuchanika, na faraja yake ni kwamba fundi viatu au fundi cherehani anaweza kuyatengeneza mengi kati ya hayo. Bawaba ya kijaluba ikivunjika, sijaona fundi anayeishughulikia.

Sasa nije kwa hao wezi. Ni kweli kwamba kadi ya kugusisha huzungumza na mashine kwa mawimbi ya redio ya megahezi 13.56, na ni kweli kwamba ganda la alumini huyazuia mawimbi hayo. Lakini kadi hizo zimetengenezwa kusomwa kwa umbali wa sentimita chache tu, si kutoka upande wa pili wa barabara. Zaidi ya hayo, kila malipo huambatana na msimbo wa siri unaotengenezwa na chipu kwa ajili ya malipo hayo peke yake, kwa hiyo anayeudaka hawezi kuutumia tena kwa malipo mengine. Mwizi wa kuogopwa bado ni yule anayeibeba pochi yote, na kwake kijaluba kinachong'aa hakina kinga yoyote. Nisingemshauri mtu anunue pochi ngumu kwa hofu hiyo peke yake. Kama unataka tu kujua yako inazuia au haizuii, siku unapolipa dukani iguse mashine na kijaluba kikiwa kimefungwa na kadi moja tu ndani: malipo yakipita, hakizuii kitu. Ganda la plastiki tupu halizuii hata likiwa gumu namna gani, na pochi laini iliyoshonewa karatasi ya chuma ndani ya bitana inaweza kuzuia vizuri, ingawa karatasi hiyo huweza kupasuka polepole pale inapokunjwa.

Zawadi ya wifi yako usiirudishe. Tia humo kadi mbili au tatu za muhimu pamoja na kitambulisho, uiweke katika mfuko wa ndani wa mkoba, mbali na miwani, kwa sababu kona zake zitaikwaruza. Pochi ya ngozi ibaki na noti na karatasi. Siku ukipoteza kimoja, kingine kitakuwa na nauli ya kukurudisha nyumbani.

SWALI: Shangazi, nimeamua pochi laini, lakini ya mwisho ilibanduka maganda kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na niliuziwa kwa jina la ngozi halisi. Nitaitambuaje nyingine?
Msomaji aliyechoka kupangusa vumbi jeusi mkobani

JIBU: Ulichouziwa ni kitambaa kilichopakwa tabaka la plastiki, na mara nyingi plastiki hiyo ni poliyurethani, ambayo huoza taratibu kwa unyevu wa hewa na jasho la mkono hata ukiitunza kabatini. Usiitazame juu, kwa maana juu hutiwa chapa ya vinyweleo ikafanana na ng'ombe mwenyewe. Tafuta ukingo ambao haukukunjwa wala kupakwa rangi, aghalabu ndani ya kifuko cha kadi. Ngozi halisi huonyesha nyuzi zilizochangamana bila mpangilio, kama ukingo wa karatasi nene iliyochanwa. Ya bandia huonyesha ufumaji wa kitambaa na utando juu yake. Ujihadhari pia na ngozi ya mabaki, yaani chenga za ngozi zilizosagwa na kuunganishwa kwa gundi, kwani nayo hubanduka ilhali muuzaji hatakuwa amesema uongo moja kwa moja. Kisha izungushe zipu mara kumi dukani, kona kwa kona; ikikwama pale ikiwa tupu na mpya, iache hapo hapo.

SWALI: Je, kifungo cha sumaku kwenye pochi laini kinaharibu kadi?
Msomaji wa siku zote

JIBU: Chipu haidhuriki. Ule mstari mweusi wa nyuma unaweza kufutika, hasa kwenye kadi za kufungulia milango ya hoteli, ambazo nyingi huandikwa kwa nguvu ndogo ya sumaku ili ziandikwe upya kwa kila mgeni. Kadi ya mlango iweke mfuko mwingine, na pochi yako uendelee nayo.