Lehemu, "yaani mafuta mabaya"

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya wazee. Kipeperushi tunachowagawia wagonjwa kimeandikwa hivi: "Lehemu, yaani mafuta mabaya, huziba ubongo na kuleta ugonjwa wa kusahau." Daktari wetu husema kolesteroli, wagonjwa husema mafuta. Juzi bibi mmoja aliniuliza kama aache kabisa kula mayai ili asije akawasahau wajukuu zake. Neno sahihi ni lipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ulichouliza kinajibika upesi. Lehemu na kolesteroli ni majina mawili ya kitu kimoja, na yote mawili ni Kiswahili. Kolesteroli asili yake ni maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyongo na kigumu, kwa kuwa kitu chenyewe kilitambuliwa kwanza katika vijiwe vya nyongo, na Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyekipa jina hilo mwaka 1815. Lehemu imetujia kutoka Kiarabu, na kabla haijafika hospitalini ilikuwa kwa mafundi: ndiyo risasi inayoyeyushwa ili kuunga vyuma. Tumia lolote kati ya hayo mawili, mradi ukishachagua moja ulishikilie mpaka mwisho wa kipeperushi.

Kilichoniudhi ni hilo "yaani mafuta mabaya", ambalo nimelikuta kwenye mabango, redioni na hata katika vitabu vya shule, na kila nikilikuta naona limeachwa lipite bila mtu kulihoji. "Yaani" ni neno zito. Likikaa kati ya maneno mawili linatuambia kwamba la kwanza na la pili ni kitu kilekile, hakuna kilichobaki nje. Msomaji wa kipeperushi chenu anaelewa, na ana haki ya kuelewa, kwamba lehemu yote ni mafuta na lehemu yote ni mbaya. Kivumishi nacho kinalizidisha kosa. Kiswahili kikisema "maziwa mabaya", hatufikirii aina fulani ya maziwa iliyotengwa na nyingine. Tunafikiria maziwa yaliyoharibika, ya kumwagwa. Madaktari walipokuwa wakieleza ubaya huu, walikuwa wakizungumzia vibebeo vinavyosafirisha lehemu katika damu: kuna kinachoitoa kwenye ini na kuisambaza mwilini, ambacho kikizidi huiacha kwenye kuta za mishipa, na kuna kinachoirudisha kwenye ini. Ubaya ni wa kibebeo kilichozidi. Tafsiri ya haraka ikaubandika kwenye mzigo wenyewe.

Sasa tazama sentensi hiyo inavyofanya inapofika kwenye ubongo. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini umebeba karibu asilimia 20 ya lehemu yote tuliyo nayo. Sehemu kubwa iko kwenye ala inayozunguka nyuzi za neva, mfano wa mpira unaofunika waya wa umeme, na bila ala hiyo ujumbe hausafiri upesi inavyotakiwa. Kama lehemu ni "mafuta mabaya", basi kila mmoja wetu amezaliwa na kichwa kilichojaa uchafu. Nani yuko tayari kumwambia hivyo mama anayenyonyesha, ambaye mtoto wake ndiyo kwanza anajenga ala hizo?

Nimewahi kukaa karibu na fundi redio akifanya kazi. Alishika nyaya mbili nyembamba, akazikutanisha ncha, akagusisha lehemu kwa chuma cha moto. Tone likang'aa, likatulia, likawa la kijivu, na redio iliyokuwa kimya ikaanza kusema. Mwaka 2001 timu ya Frank Pfrieger, mtafiti wa ubongo, ilichapisha jambo linalofanana na hilo kwa namna inayonifurahisha mpaka leo: seli za neva zilizooteshwa maabara zilijenga viungo vingi zaidi baina yao zilipopata lehemu inayotoka kwa seli walezi zilizo jirani nazo, zinazoitwa glia. Kwa hiyo ndani ya ubongo lehemu inaunga kweli, na aliyelitoa neno hili kwa fundi akalipeleka kwa daktari alitupa jina bora kuliko Wagiriki na nyongo yao. Halafu sisi tukaliwekea "mafuta mabaya" pembeni!

"Huziba ubongo" nako kumepotea neno moja, na neno hilo ni "mishipa". Lehemu ikizidi katika damu huweza kuziba mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na hapo ndipo kiharusi kinapoweza kuingia. Ripoti ya kamisheni ya jarida la tiba la Lancet ya mwaka 2024 iliongeza wingi wa lehemu ya kibebeo kile kinachosambaza, tangu umri wa makamo, katika orodha ya mambo yanayozidisha hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Hilo lisemwe wazi. Lakini ubongo wenyewe hauzibwi kama bomba la maji. Kuta za mishipa yake midogo haziruhusu vibebeo vya lehemu vya kwenye damu kupita, kwa hiyo ubongo hujitengenezea ya kwake: glia huitengeneza na kuisafirisha hadi kwenye seli za neva, na iliyozidi hugeuzwa na kimeng'enya kuwa umbo linaloweza kutoka kwenda kwenye ini. Magonjwa huonekana pale mizani hiyo inapoharibika. Kibebeo cha humo ubongoni hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni inayoitwa APOE, na mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba aina yake ya nne inahusiana na ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kusahau uzeeni. Katika ugonjwa wa kurithi uitwao Niemann-Pick aina ya C, lehemu hunasa ndani ya seli isifike inakohitajika. Katika ugonjwa wa Huntington, nao wa kurithi na wa kuharibu seli za neva, ubongo huitengeneza kidogo kuliko kawaida. Hebu jaribu kulieleza hilo la mwisho kwa mtu uliyemfundisha kwamba lehemu ni mafuta mabaya.

Wagonjwa wakisema "nina lehemu", waache. Tumeshakubali "nina sukari" na "nina presha", ingawa kila aliye hai anavyo vyote viwili, na lugha ya mgonjwa aliyekaa foleni tangu alfajiri si ya kusahihishwa. Mwandishi wa kipeperushi ana muda wa kufikiri, kwa hiyo yeye simsamehi.

Kiandikeni upya hivi: "Lehemu ikizidi katika damu huweza kuziba mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na huongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Ubongo hujitengenezea lehemu yake, na hauwezi kufanya kazi bila hiyo." Yule bibi mwambie kwamba lehemu ya yai haiendi kukaa ubongoni, kwamba idadi ya mayai aiamue na daktari baada ya kupimwa damu, kisha msomee sentensi zote mbili, polepole, kabla hajaondoka.