Fundi Anajibu: Polishi ya tatu-kwa-moja, ipi inafaa gari yangu?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Toyota Crown nyeusi, nipo Tabata, gari inalala nje na pale tunapooshea wanatumia maji ya kisima yenye chumvi. Rangi imeanza kupauka, ukiiangalia juani unaona vimistari vya duara duara kwenye boneti na milangoni, alafu kuna vidoa vyeupe vya maji haviondoki. Nimeshauriwa ninunue ile polishi ambayo inasafisha, inang'arisha na kulinda kwa pamoja, niachane na kununua makopo matatu. Duka moja Kariakoo wananiambia zote ni zile zile, nichague tu kwa bei. Ni kweli? Na mashine sina, nitapaka kwa mkono. (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Hapana, sio zile zile, na kwa gari nyeusi ndo kabisa usikubali hilo jibu.

Iko hivi. Kwenye kopo la tatu-kwa-moja kuna chembe laini sana za kukwangua, mara nyingi ni unga wa alumina, kuna mafuta ya kujaza ile mikwaruzo midogo ili isionekane, na kuna kitu cha kulinda ambacho kinaweza kuwa nta ya karnauba, polima au silika. Kila kampuni inachanganya kwa kipimo chake, kuna polishi ina kukwangua kwingi na ulinzi kiduchu, nyingine haikwangui karibu chochote inasafisha tu kwa kemikali na kuacha kinga juu. Kwa hiyo usianze kuuliza ipi ni nzuri, anza kuuliza gari yangu inahitaji ikwanguliwe kiasi gani, na mkono wangu unaweza kuifanyisha kazi polishi gani.

Kwa nini nasisitiza hilo la kukwangua? Karatasi ya fotokopi ina unene wa kama mikroni 100 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Klia ya kiwandani, yani ile rangi ya juu isiyo na rangi inayong'aa na kulinda rangi ya chini, kwa kawaida ni mikroni 35 mpaka 50 hivi, nusu ya karatasi au pungufu, na ndani ya hiyo hiyo ndo kuna dawa ya kuzuia miale ya jua isiunguze rangi ya chini. Haiongezeki tena. Kila ukipiga kampaundi, ile dawa nzito ya kukwangua, unaipunguza, na hawa vijana wanaopita na mashine ya kuzunguka na kopo la kampaundi la kung'arishia kila mwezi wanang'arisha kweli, gari inatoka inawaka, ila baada ya miaka michache kona za milango na ukingo wa boneti zinaanza kuonyesha rangi ya chini maana kwenye kona klia ni nyembamba zaidi na mashine inagandamiza zaidi. Inauma kuona Crown nzuri imeharibiwa hivyo kwa pesa ya mwenyewe.

Sasa kabla ya kununua chochote fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo, au fungua boneti utafute kile kibati cha namba za gari. Kuna mstari umeandikwa C/TR, namba inayofuata hapo ndo namba ya kutambulisha rangi. Ukikuta 202 hiyo ni nyeusi tupu isiyo na chenga, inasifika kwa ulaini, yani hata kitambaa kikavu chenye vumbi kinaichora, na hiyo inataka polishi laini kuliko zote utakazoziona dukani. Ukikuta 209 ni nyeusi yenye chenga chenga za mika na ina klia juu, hiyo ina uvumilivu kidogo.

Kwa kuwa utapaka kwa mkono, achana na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine. Menzerna 3in1 au 3D Speed ni polishi nzuri sana, mimi nazikubali, ila zinafanya kazi vizuri zaidi kwa mashine, ukizisugua kwa mkono unachoka na matokeo yanakuwa madogo. Za mkono ambazo ningekuelekeza ni Autoglym Super Resin Polish ya Uingereza, inakwangua kidogo sana na ina mafuta mengi ya kujaza kwa hiyo vile vimistari vyako vya duara vitafichika vizuri, au Klasse All-In-One ya Ujerumani ambayo kazi yake kubwa ni kusafisha na kuacha kinga ya akriliki. Kwa boneti yako kama ulivyoieleza ningeanza na hiyo ya Autoglym. Ila tuelewane, kufichika sio kuisha. Mafuta yakiondoka baada ya kuoshwa oshwa mistari inarudi, na kwa gari ya kila siku inayolala juani mi sioni tatizo hapo, bora ufiche ukiwa na klia yako kuliko kuimaliza klia kwa kutafuta kioo.

Vile vidoa vya maji ya kisima usivisugue na polishi kwanza. Ni chumvi na chokaa zimekauka juu. Chukua siki nyeupe changanya na maji nusu kwa nusu, gari iwe kivulini na bati limepoa, lowanisha kitambaa laini weka juu ya doa kama dakika moja, usiache kikauke, kisha suuza kwa maji mengi ya bomba. Vingi vitatoka. Vitakavyobaki ukivipitishia kucha unasikia kishimo, hivyo vimeshaila klia na polishi ya mkono haivitoi. Na muhimu zaidi, waambie hao wanaokuoshea wafute gari maji yakiwa bado hayajakauka, au beba dumu lako la maji yasiyo na chumvi la kusuuzia mwisho, maana bila hivyo utarudia kazi hii kila wiki.

Ukishaosha kwa shampuu ya gari, sio sabuni ya unga, ingiza mkono kwenye kimfuko laini cha nailoni upapase boneti taratibu. Mkono mtupu unadanganya, ila kupitia nailoni utasikia chenga chenga kama msasa laini, hizo ni vumbi la breki, masalia ya rangi na uchafu ulionasa. Hapo unatumia klei, ule udongo maalum wa kusafishia rangi, unalowanisha kwa maji ya shampuu na kuupitisha bila kukandamiza mpaka bati liwe linateleza. Watu wengi wanaruka hatua hii alafu wanalaumu polishi, wakati wameburuza uchafu ule ule kwenye rangi kwa sponji.

Kisha bandika tepu ya karatasi ujitengenezee kimraba cha nusu mita kwa nusu mita kwenye boneti, paka polishi kidogo tu kwa sponji, nenda kwa mistari iliyonyooka sio duara, subiri ikauke kidogo kama kopo linavyoelekeza, futa na taulo ya maikrofaiba safi. Washa tochi ya simu ulinganishe ndani na nje ya tepu. Ukiona tofauti unayoitaka endelea gari nzima kipande kwa kipande, usiipake yote kwa mkupuo kwa joto la Dar itakugandia. Usipoona tofauti rudia mara moja tu, ikigoma ujue polishi hiyo ni laini kwa tatizo lako, ongea na fundi mwenye mashine ya kutikisika, ile ya mwendo wa aina mbili, usikubali ile ya kuzunguka tu kwenye mikono ya anayejifunza. Na plastiki nyeusi zisizo na rangi zizibe kwa tepu, polishi ikikaukia pale inaacha weupe unaokera kuutoa.

Kuhusu kulinda, usitegemee maandishi ya mwaka mzima kwenye kopo. Kinga ya tatu-kwa-moja hudumu muda mfupi kuliko siilanti, ile kinga isiyokwangua inayopakwa peke yake, kwa sababu inashika juu ya bati ambalo bado lina yale mafuta ya polishi, haigusani na klia vizuri. Kwa gari inayolala nje kwenu huko hesabu miezi miwili mitatu. Dalili ni maji, yakiacha kusimama matone matone na kuanza kulala bapa, kinga imekwisha. Hapo hutakiwi kupiga polishi tena! Paka siilanti ya kupuliza tu juu yake, dakika kumi na tano umemaliza, na polishi yenyewe iguse rangi mara moja kwa mwaka, ikizidi sana mbili.

SWALI: Fundi pole na majukumu. Nimepaka polishi ya aina hiyo kwa Vitz yangu nyeupe hapa Likoni, kitambaa kikatoka cheupe pepepe. Nimeshaharibu gari ama? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hujaharibu dada yangu, tulia. Angalia kibati, nyeupe ya Toyota yenye namba ya rangi 040 mara nyingi haina klia kabisa, rangi ni moja kuanzia juu mpaka chini, kwa hiyo ulichokiona kwenye kitambaa ni ile rangi ya juu iliyokufa kwa jua na upepo wa chumvi. Ndiyo maana ilikuwa inaacha unga ukiigusa na kidole. Rangi za namna hii zinapenda polishi yenye mafuta mengi, zinarudi vizuri mno, pengine kuliko za klia. Ila kumbuka hicho cheupe ni rangi yenyewe inaondoka, kwa hiyo geuza kitambaa kila mara, na ukishapata weupe safi simama hapo hapo upake kinga. Kwako pwani usiiache bila kinga hata wiki, na uioshe chumvi mara kwa mara hata kwa maji matupu.

SWALI: Rufu ya Noah yangu imetoka mabaka meupe yanabanduka kama ngozi. Polishi gani ya kukwangua zaidi itayaondoa? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hakuna, na tafadhali usijaribu. Hiyo ni klia imekufa na kuachia, ukikwangua unaongeza ukubwa wa baka tu. Dawa ni kupiga msasa na kupulizia rufu upya, rangi na klia. Pesa ya polishi iweke kwa fundi rangi. Na akishamaliza usikimbilie siilanti wala nta, rangi ya gereji inakauka juu mapema lakini ndani inaendelea kutoa hewa ya tina, ipe siku 30 mpaka 90 kutegemea aina ya rangi aliyotumia, muulize. Kipindi hicho osha kwa maji na shampuu laini, na kinyesi cha ndege ukikiona kitoe siku hiyo hiyo, usisugue, weka kitambaa chenye maji mpaka kilainike.

SWALI: Nimeona polishi ya tatu-kwa-moja imeandikwa seramiki 9H, bei kama ya zile nyingine. Ni seramiki ya ukweli? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Inaweza kuwa na silika kidogo ndani na inafukuza maji vizuri siku za mwanzo, ila usiichukulie kama ile seramiki ya chupa ndogo inayopakwa kwenye rangi iliyofutwa mafuta yote kwa spiriti, hizo mbili hazifanani kwa kudumu. Hiyo 9H inatokana na kipimo cha ugumu wa penseli, haimaanishi gari haitachubuka na mawe. Kama inakwangua kidogo na bei ni ile ile, nunua. Kama bei ni mara mbili kwa sababu ya hilo neno tu, iache dukani.