Vidoli vya LEGO vya pata potea: kabla hujatoa hela yako soma hapa

Wadau, nimeulizwa tena juzi, na safari hii ni mtu mzima mwenye familia yake, eti hivi vidoli vya LEGO vinavyouzwa bila kujua ndani kuna nani, kweli vinalipa? Jibu langu ni lile lile siku zote, vinalipa, ila anayelipwa mara nyingi siyo yule anayefungua pakiti. Ngoja nieleze kwa kirefu, maana nikijibu kwa ufupi huwa naonekana nina roho mbaya.

Kwa asiyejua, LEGO ni kampuni ya Denmark ya matofali ya plastiki ya kuchezea na kujengea, na hivi vijitu vyao vya kama sentimita 4 vipo tangu 1978, ila zamani ilikuwa lazima ununue boksi zima la matofali ya kujenga. Mwaka 2010 ndo wakaanza kuviuza kimoja kimoja kwenye vifuko ambavyo huoni ndani, toleo moja vidoli 16 tofauti, huku Uingereza kifuko kilikuwa paundi 1.99. Kuanzia 2021 matoleo mengi yakawa ya vidoli 12, na bei ikapanda taratibu mpaka ikafika 3.49. Afu 2023 vifuko vikaondolewa vikaja viboksi vya karatasi ngumu, kwa sababu kampuni inapunguza plastiki. Hapo sisi wazee wa kupapasa tukaisha kabisa, maana enzi za vifuko ulikuwa unasimama dukani unabonyeza bonyeza, ukigusa kitu kirefu chembamba unajua mkuki huu, ukigusa cha duara unajua hii ngao, dada wa kaunta anakuangalia vibaya lakini unatoka na unachokitaka. Kiboksi hakipapasiki. Kuna watu wanaenda na mizani ndogo kupima gramu, mimi hiyo aibu siiwezi.

Sasa twende kwenye hesabu maana hapa ndo watu wengi hela inawatoka bila kujua. Chukua toleo la vidoli 12, tuseme vyote vipo kwa idadi sawa, wewe unaokota kimoja kimoja kwa kubahatisha. Wastani utahitaji viboksi kama 37 mpaka utimize vyote 12. Siyo 15, siyo 20, thelathini na saba. Mwanzoni ni raha tupu, kila unachofungua ni kipya, ukishafika vidoli tisa kumi hivi inaanza kuwa ni yule yule yule yule, na kile cha mwisho peke yake kwa wastani kinakula viboksi 12. Piga 37 mara 3.49 unapata kama paundi 129. Sasa sikiliza, katoni nzima ambayo duka linaletewa ina viboksi 36, na kwa kawaida ndani yake mna seti 3 kamili, yani kila seti ni vidoli vyote 12. Paundi kama 126. Yani kwa hela karibia ile ile mmoja ana seti moja na rundo la vya kujirudia, mwingine ana seti tatu. Najua mtaniambia vya kujirudia si unauza, ndiyo unauza, ila tatizo ni kwamba na wenzako nao wanavyo hivyo hivyo wanauza wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuchangishana. Watu watatu mnaoaminiana mnanunua katoni moja, kila mtu anatoa kama paundi 42, mnagawana seti moja moja, hakuna bahati nasibu hapo. Kubalianeni mapema kama katoni ikija na pungufu nani anasubiri, maana huwa inatokea kidoli kimoja kimezidi na kingine hakitoshi, na urafiki umeshavunjika kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Maduka yanayouza katoni nzima yapo, uliza tu.

Ushauri wa pili, na huu ndo naufuata mwenyewe zaidi, usifungue kabisa. Nunua kilichofunguliwa na mwingine. Upo mtandao unaitwa BrickLink, LEGO wenyewe waliununua 2019, watu wa dunia nzima wanauza humo kidoli unachokitaka kwa jina lake, na kitu kizuri ni kwamba inakuonyesha bei ambazo vitu vimeuzwa kweli ndani ya miezi 6 iliyopita. Mtu kuweka tangazo la paundi 60 haina maana kuna aliyelipa 60, hata mimi naweza kukutangazia sandali zangu kwa milioni. Angalia bei iliyouzwa. Toleo likitoka wiki ile ya kwanza kila mtu ana wazimu, bei ziko juu, subiri wenye katoni wamwage mizigo yao, baada ya wiki kadhaa vinashuka, hapo ndo unaingia. Likishaondoka madukani vile vizuri vinaanza kupanda tena pole pole.

Vizuri ni vipi? Hapa watu wanadhani ni vile vyenye sura nzuri au mhusika maarufu. Kwa ninavyoona mimi vinavyopanda vizuri ni wanajeshi na mashujaa wa kale, kwa sababu moja tu, mnunuzi mmoja anataka kumi, ishirini, hamsini, anajenga jeshi. Askari wa Sparta wa toleo la 2 la 2010, askari wa Kirumi wa toleo la 6 la 2012, yule mtu wa msituni mwenye upinde wa toleo la 1, hao hawajawahi kukosa mteja. Mchekeshaji wa sarkasi utamuuzia mtu mmoja mara moja basi. Na kumbuka vitu vyake vidogo ndo bei yenyewe. Zombi wa toleo la 1 alikuja na koleo na paja la kuku, Msparta ana joho, mkuki, ngao na helmeti, vikikosekana hivyo umebaki na mtu yuko uchi na bei yake inakuwa ya kuonea huruma. Tunza hata kile kibao cheusi cha kusimamia na karatasi yake.

Halafu kuna yule wa dhahabu. Toleo la 10, mwaka 2013, walitengeneza 5,000 tu dunia nzima na leo anauzwa kwa maelfu ya paundi. Kila mtu akisikia hiyo anataka kwenda kufungua viboksi, lakini kaka, dada, huyo alikuwa wa toleo hilo moja tu, na wa bandia wamejaa. Ukikuta anauzwa bei ya pizza ujue ni feki. Ukinunua chochote ghali angalia shingoni ukitoa kichwa, neno LEGO linakuwa limechongwa pale juu, dogo lakini safi, na lipo pia kwenye vichomozo vya kile kibao.

Kuna utafiti wa wasomi wa chuo kimoja cha Moscow ambao watu wanapenda kuutaja, waliangalia seti za LEGO za kujenga, siyo vidoli hivi, za kuanzia 1987 mpaka 2015 wakakuta kwa wastani zinapanda asilimia 11 kwa mwaka au zaidi. Ni kweli. Ila hao hao walikuta zipo zilizoshuka mpaka asilimia 50 na zipo zilizopaa mpaka 600, na zile ni seti ambazo hazijafunguliwa, siyo kidoli chako kilicholala dirishani jua linakipiga mpaka cheupe kimekuwa cha njano. Weka mbali na jua, na vile vya rangi ya kahawia vya zamani usivitoe mikono ovyo, plastiki yake inakatika kama biskuti.

Kuuza, kidoli kimoja kinaingia kwenye bahasha nene isiyozidi sentimita 2.5, hiyo posta ya huku Uingereza inaihesabu kama barua kubwa, usilipie kifurushi bure. Na kwa mlioko huku, mauzo yako yakizidi paundi 1,000 kwa mwaka wa kodi na unafanya kibiashara, inabidi ujisajili kwa watu wa kodi. Mitandao inapeleka taarifa siku hizi.

Labubu je, kile kidoli cha manyoya chenye meno cha kampuni ya China inayoitwa Pop Mart? Naulizwa kila siku. Juni 2025 kwenye mnada Beijing Labubu mmoja mkubwa wa zaidi ya mita aliuzwa yuan milioni 1.08, kila mtu akachanganyikiwa, mwezi huo huo Pop Mart wakamwaga mzigo mpya na bei za walanguzi zikaporomoka. Kiwanda kikiwa bado kinatengeneza kitu unachokilangua, bei anapanga yeye siyo wewe. LEGO toleo likiisha kwa kawaida hawalirudii vile vile, japo wanaweza kutoa ndugu yake anayefanana naye, na hapo cha kwako kinashuka kidogo, nimeshaona sana.

Mlioko nyumbani mnaotaka kuanza, msiagize kimoja kimoja, posta itakuwa kubwa kuliko kidoli. Kusanya oda yako kwa muuzaji mmoja, ipelekwe kwa ndugu anayekuja likizo Desemba, vidoli 30 vinakaa kwenye kopo la chai na havina uzito wa kumsumbua mtu. Mwambie tu asiweke kwenye begi la kupakia, abebe mkononi.