Ukurasa wa Saman

Tukuyu

Mwanangu Atupele,

Marahaba, mama. Unauliza kama Lusajo, kwa miaka yake saba, asomewe ukurasa wa kifo cha Saman Kunan, yule mpiga mbizi, katika kile kitabu cha watoto kuhusu uokoaji wa pango la Tham Luang kule Thailand, au uuruke. Nimekisoma chote. Mimi nilikwama kwenye ukurasa mwingine, ule unaosema watoto "walipewa dawa ya kuwatuliza", basi. Ile ilikuwa nusu kaputi!

Mweleze ilivyokuwa. Watoto 12 na kocha wao, kama kilomita 4 ndani ya pango, njia imejaa maji ya tope, oksijeni imeshuka hadi asilimia 15 badala ya 21. Mtoto asiyejua kupiga mbizi akipatwa na hofu mle, anajiua na kumuua anayemvuta. Ndipo Dakta Richard Harris, daktari wa usingizi, akawapa kidonge cha alprazolamu cha kutuliza hofu, kisha sindano za paja: ketamini ya kulaza usingizi, miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili, na atropini ya kukausha mate. Kila aliyefanya kazi thieta anajua sababu ya atropini. Ketamini huleta mate mengi, na mate yakimpalia mtoto ndani ya barakoa ya uso mzima, chini ya maji nani atayafuta? Mikono ilifungwa nyuma, kwa kuwa anayezinduka hukimbilia kuvua barakoa. Tena ketamini huisha nguvu kabla safari haijaisha, kwa hiyo wapiga mbizi wasio madaktari walifundishwa kuchoma nusu ya dozi njiani. Pima kwanza, ndilo neno langu kwenu siku zote.

Unaikumbuka Julai ile ya 2018, tumezunguka jiko la mkaa, redio ikatangaza kwamba Saman amefariki akitoka kupeleka mitungi ya hewa. Ipyana alikuwa anasinzia. Akauliza, "Yule mjomba wa mitungi yuko wapi?" Nikamjibu amerudi kwao. Siku tatu alimwombea kabla ya kula, mpaka wenzake shuleni wakamwambia. Hakulia, aliniangalia tu. Hadi leo nikimpa habari yoyote huniuliza, "Kweli, mama?"

Lakini Lusajo hushtuka usingizini, umesema, na saba si tisa ya Ipyana. Labda asubiri mwaka mmoja. Hapana, tena najipinga: ukimtoa Saman, mtoto atajuaje kwamba hewa ya njiani ilibebwa mgongoni, mtungi kwa mtungi, na kwamba anayebeba naye anavuta hewa yenye kipimo? Pima kwanza. Hesabu yote ya kitabu imo kwenye ukurasa ule.

Jibu ninalo mdomoni, ila wewe ndiye mama yake, nalimeza. Ukiuruka, uruke. Akiuliza Saman yuko wapi, usimwambie amerudi kwao.

Mama yako