Nani Amekula Bando Langu? Na Maswali Mengine ya Wasomaji

SWALI: Nina duka la kuchapisha na kujaza fomu mjini Kakamega. Kipakatalishi changu hutumia hotspot ya simu. Juzi nilinunua GB 5 saa mbili asubuhi. Kufika saa nne zimeisha, na kazi niliyofanya ni kutuma barua pepe tatu. Je, kampuni ya simu inaniibia?
Mwenye duka, Kakamega

JIBU: Kabla ya kuilaumu kampuni ya simu, iulize kompyuta yenyewe. Katika mipangilio ya Windows, ingia sehemu ya mtandao, ufungue "Data usage". Utaona kila programu imekula kiasi gani kwa siku 30 zilizopita. Ikiwa Chrome imeongoza na hukutazama video, mshukiwa wa kwanza ni Gemini Nano, akili unde (AI) ndogo ya Google ambayo Chrome hujipakulia kimyakimya. Faili lake huitwa weights.bin, hukaa katika folda ya OptGuideOnDeviceModel, na uzito wake ni takriban GB 4. Huzifuata mashine zenye nguvu ya kutosha na nafasi ya GB 22 au zaidi kwenye diski, kwa hivyo jirani mwenye mashine kuukuu huenda asilione kamwe.

Google husema upakuaji huo unahitaji intaneti isiyopimwa. Tatizo linaanzia hapo: mara nyingi Windows ikiiona Wi-Fi ya simu yako huidhania ni ya nyumbani isiyo na kikomo, mpaka uiambie vingine. Bofya jina la Wi-Fi hiyo, fungua sifa zake, washa "Metered connection" (yaani intaneti inayopimwa). Masasisho ya Windows nayo yatatulia. Ukibadilisha jina la hotspot, rudia, kwa sababu kompyuta itauona kuwa mtandao mpya.

Usikimbilie kufuta faili. Litarudi, na utalilipia mara ya pili. Kwanza andika chrome://flags pale unapoandika anwani, tafuta "optimization guide on device", chagua "Disabled", funga Chrome na uifungue tena, ndipo ufute folda. Chrome ikijisasisha, kagua upya, maana swichi za ukurasa huo huja na kuondoka. Kwetu sisi, kampuni kumaliza bando la mtu bila kumwuliza ni kosa, hata masharti yaseme nini.

SWALI: Wazazi wa darasa langu wana wasiwasi na lile duara la buluu kwenye WhatsApp. Wanauliza kama linasoma jumbe za kikundi chetu, na kama linaweza kuondolewa.
Mwalimu wa darasa la nne, Bungoma

JIBU: Mwalimu, hakuna swichi ya kuliondoa kabisa, anayekuuzia programu ya kuliondoa anakutapeli. Duara hilo hufungua Meta AI, roboti ya Meta, kampuni yenye WhatsApp. Kwa maelezo ya Meta, jumbe za kawaida zimefungwa kwa usimbaji na roboti haizioni. Huona kile tu inachotumiwa: mzazi akiitaja kwa @ ndani ya kikundi, au akiielekezea ujumbe, maneno hayo yameshatoka nje.

Izibie njia. Gusa jina la kikundi, shuka hadi "Advanced chat privacy", uwashe. Tangu Aprili 2025 kipengele hicho huzuia roboti kuitwa ndani ya kikundi, picha kujihifadhi zenyewe kwenye simu za wanachama, na mazungumzo kuhamishwa nje. Hakizuii mtu kupiga picha ya skrini, basi wazazi waambieni wasitume ripoti za watoto humo. Aliyekwisha kuzungumza na roboti aiandikie /reset-ai; kufuta mazungumzo kwenye simu pekee hakufuti nakala iliyo kwa Meta. Tangu 16 Desemba 2025, Meta hutumia mazungumzo ya watu na roboti yake kuchagua matangazo ya kuwaonyesha katika nchi nyingi.

SWALI: Nikitafuta kipimo cha dawa ya viwavijeshi, Google hunipa muhtasari wa akili unde, na leo si kama jana. Nifuate upi?
Mkulima, Njoro

JIBU: Usifuate wowote. Muhtasari huo huunganisha maneno ya kurasa mbalimbali bila kujua chupa uliyoshika ni ya nguvu gani. Kipimo ni kile kilicho kwenye lebo, na lebo iwe na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu. Ukitaka matokeo bila muhtasari, gusa "Web" juu ya orodha, au ongeza &udm=14 mwishoni mwa anwani ya utafutaji.

SWALI: Nimelipa mikopo yangu yote ya simu kwa wakati, lakini programu moja inaninyima. Nikiuliza sababu, najibiwa na roboti, maneno yaleyale kila siku.
Mwendesha boda, Kondele, Kisumu

JIBU: Ndugu, achana na roboti. Fungua sera ya faragha ya programu hiyo, shuka mpaka chini, utafute barua pepe ya afisa wa ulinzi wa data. Mwandikie hivi:

"Naomba nakala ya taarifa zangu zote mnazotumia kunipima. Naomba pia uamuzi wa kuninyima mkopo uangaliwe upya na mtu, si mfumo peke yake, kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019."

Weka tarehe na namba ya simu uliyojisajilia. Nakala hutolewa bure, ndani ya siku 7. Ukikuta kosa, omba lirekebishwe. Hapo wana siku 14. Sheria haiwalazimishi kukukopesha, lakini haiwaruhusu kukuficha wanachokijua juu yako.

Wakati ukisubiri, chukua ripoti yako ya CRB (kampuni zinazotunza rekodi za mikopo), iliyo bure mara moja kwa mwaka, kutoka kampuni kama TransUnion na Metropol. Kosa la kawaida ni mkopo uliolipwa kubaki umeandikwa deni, na kosa la aina hiyo lisiporekebishwa utanyimwa na programu nyingine pia.

Siku 7 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye ana ofisi Kisumu na Nakuru. Malalamiko hayalipiwi, na uamuzi hutakiwa ndani ya siku 90. Beba barua yako iliyochapishwa, pamoja na picha za skrini za majibu ya roboti zinazoonyesha tarehe.