Barua kwa mwanangu: hapana, hawakupendelewa

Mwanangu, marahaba. Uliniandikia wasap kwamba "baba hiyo Ohio State yako ilifungwa mara mbili, mara moja nyumbani kwao kabisa, wala haikucheza fainali ya kanda yao, sasa ubingwa wa 2024 wameupataje, au walipendelewa?" Sikukujibu palepale kwa sababu jibu haliishi kwenye meseji moja, na hii timu ya futiboli ya Kimarekani, ya chuo cha hapa kwetu Columbus, mimi naipenda kutoka moyoni.

Hawakupendelewa. Huku Marekani futiboli ya vyuo sio ligi ya nyumbani na ugenini halafu mwisho mnahesabu pointi. Vyuo vya daraja la juu viko zaidi ya 130 na kila kimoja kinacheza mechi 12 tu, msimamo mmoja utaupataje hapo? Ndio maana kuna kamati inakaa inachagua nani kastahili kuendelea. Zamani walikuwa wanachukua timu nne, msimu wa 2024 ndio mara ya kwanza wakachukua 12, kisha mtoano, ukifungwa unarudi kwenu. Ohio State wakapangwa namba 8.

Kipigo cha kwanza kilikuwa Oktoba 12 ugenini kwa Oregon, 32-31, pointi moja, Will Howard kwotabeki wetu, yule anayeongoza mashambulizi na kutupa mpira, kakimbia nao na kabla hajanyanyuka saa imeshaisha. Hicho tulikimeza. Kilichotuvunja hapa Columbus ni cha Novemba 30, Michigan. Wewe chukua Simba na Yanga halafu zidisha, maana hawa wanakutana mara moja tu kwa mwaka na ukifungwa unakaa nayo mwaka mzima. Michigan walikuja wakiwa tayari wana vipigo vitano, na wakatufunga 13-10 mbele ya watu zaidi ya laki moja, mwaka wa nne mfululizo wanatufunga. Wakaenda kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, ugomvi ukazuka, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Wiki ile watu walitaka kocha Ryan Day afukuzwe, kazini kwetu ilikuwa ndio stori asubuhi mpaka jioni.

Sasa msimu wenyewe kwangu mimi ulianzia hapo. Wachezaji walikaa kikao chao wenyewe wakaambiana ukweli. Na ujue wengi wao, Jack Sawyer, Emeka Egbuka, TreVeyon Henderson, Tuimoloau, wangeweza kuondoka mwaka uliotangulia wakacheze NFL, ligi ya kulipwa, ila waliamua kubaki kwa sababu hawakuwa wamemfunga Michigan wala kuchukua kombe. Watu wanasema ni pesa, na sikufichi, siku hizi vijana wa vyuo wanalipwa na timu ile ilitajwa kugharimu kama dola milioni 20, lakini pesa hiyohiyo ilikuwepo siku ya Michigan mbona haikucheza?

Desemba 21 wakaja Tennessee hapa kwetu kwenye baridi kali, wakapigwa 42-17. Januari mosi Pasadena tukakutana tena na Oregon, walewale, na mpaka siku hiyo walikuwa hawajafungwa na mtu. Kabla ya mapumziko ilikuwa 34-0! Iliisha 41-21.

Kisha nusu fainali na Texas, na hii naomba uitafute uiangalie mwenyewe. Ujue timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira mbele, ikishindwa inaupoteza. Tunaongoza 21-14, zimebaki dakika chache, Texas wamefika yadi moja tu kutoka kwenye mstari wetu wa kufungia, wakijaribu pembeni wakarudishwa mpaka yadi ya nane, ikawa jaribio la nne, la mwisho. Kwotabeki wao Quinn Ewers akavuta mkono atupe, Sawyer akatokea upande akaupiga mpira ukamtoka, ukamwangukia Sawyer mwenyewe mikononi na akakimbia nao yadi 83 mpaka mwisho wa uwanja huku mguu unamwisha. Na Ewers alikuwa kwanza Ohio State, alikaa chumba kimoja na Sawyer! Huyu Sawyer ni mtoto wa Pickerington, hapo jirani tu. Nililia, mama yako shahidi.

Fainali Januari 20 kule Atlanta na Notre Dame, tuliongoza 31-7 tukaanza kulegea mpaka ikawa 31-23, roho mkononi. Jaribio la tatu, zinatakiwa yadi 11, timu nyingine wangekimbia na mpira wapoteze muda, Day akaruhusu mpira mrefu kwa Jeremiah Smith, mtoto wa mwaka wa kwanza, akadaka, yadi 56. Ikafuata teke la pointi tatu, 34-23.

Kwa hiyo ukiniuliza walipendelewa na nani, nionyeshe mechi. Tennessee, Oregon, Texas, Notre Dame, wote mfululizo, hakuna aliyepishwa njia.

Mama yako anakusalimia, anasema umpigie Jumapili, na hao wajukuu nirushie picha zao.

Baba yako